Kabla ya Nyumba, Omba Savea

Ukimuuliza mtu wa Ukunda kama mjini kwao kuna watu wasio na makao, atakuonyesha vijana wawili watatu wanaolala kwenye baraza za maduka karibu na steji, kisha atasema si wengi, nenda Mombasa ukaone. Muulize sasa kama kuna maskwota. Atacheka. Atakwambia anza kuhesabu hapo hapo uliposimama.

Huku Pwani ya Kusini ya Kenya, asiye na makao mara nyingi ana nyumba. Ana kuta za fito na udongo, ana paa la makuti, ana mnazi uliopandwa na babu yake na makaburi ya wazazi nyuma ya jiko. Asichonacho ni ardhi iliyo chini ya hivyo vyote. Siku tingatinga linapokuja likisindikizwa na askari, yeye huamka ana makao na jua likitua hana.

Makala haya nayaandika kwa yule anayetaka kwenda kwa wawakilishi wetu kudai fedha za kuimaliza hali hiyo: mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale Bongwe, kijana wa chama cha kijiji huko Ramisi, mzee wa mtaa, imamu, mwalimu mstaafu. Rai yangu naitoa mapema ili asiyekubaliana nayo aanze kubishana nami tangu hapa. Usianze kwa kuomba nyumba. Omba savea, mpima wa ardhi.

Nyumba ni ahadi tamu na mwanasiasa huitoa bila jasho, maana anajua hakuna atakayemwuliza ilifikia wapi. Lakini ukimwekea mezani kijiji kimoja chenye jina, kaya zenye idadi, na bei ya kukipima iliyoandikwa na mpima mwenye leseni, umemnyima pa kujificha. Ama ataiingiza kwenye bajeti au ataikataa, na yote mawili utayaona kwenye karatasi. Nyumba yenyewe watu wetu wanajua kuijenga. Wamekuwa wakijenga vizazi na vizazi kwa boriti za mikoko na mawe ya matumbawe. Wanachoogopa ni kutia saruji kwenye ardhi ambayo kesho wataambiwa si yao.

Hofu hiyo ina umri. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar ajitokeze na kuthibitisha madai yake. Wenye karatasi na ujuzi wa ofisi walijitokeza. Wadigo wa vijijini, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ikijulikana kwa miti na makaburi, wengi wao hawakuandikishwa, na ardhi isiyokuwa na mwenyewe kwenye daftari ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Baada ya Uhuru sehemu ya ardhi hiyo ikagawiwa tena, na si mara zote kwa waliokuwa wakiishi juu yake. Tume ya Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma nchini zilivyogawanywa kinyume cha sheria, na fukwe zetu hazikusalimika. Kule Ramisi kiwanda cha sukari kilichoanza mwaka 1927 kilikufa mwaka 1988, watu wakalima na kujenga kwenye mashamba yaliyobaki, kisha mwaka 2007 ardhi ikakodishwa kwa mwekezaji mpya na mzozo ukaanza upya. Kwa hiyo bibi wa Msambweni anaposema yeye si skwota, amezaliwa hapo, msikilizeni. Neno hilo linamfanya mgeni kwenye kaburi la mamake.

Sasa niseme tulivyokosea sisi, ili mwenzetu asipite njia ile ile. Kikundi chetu cha kwanza kiliandika waraka wa kurasa kumi na moja. Tuliweka kila kitu: nyumba, maji, zahanati, barabara, stima, fidia ya mababu. Tukaupeleka ofisini mwezi wa Juni. Ofisa aliyetupokea, ambaye sina haja ya kumtaja wala ofisi yake, alitukaribisha chai, akausifu waraka, akaupiga muhuri. Mzee mmoja wetu aliufurahia sana ule muhuri, akautembeza kijijini kama cheti cha shule. Ilituchukua karibu mwaka kung'amua kwamba siku ile tulipokuwa tunakunywa chai, bajeti ilikuwa imeshafungwa, na kwamba hata ingekuwa wazi, hakuna mtu duniani anayeweza kuingiza kurasa kumi na moja za huzuni kwenye mstari mmoja wa makadirio.

Anza na ardhi yenyewe, ujue ni ya aina gani. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi mjini Kwale ukafanye sachi, uone daftari linasema ardhi ni ya nani. Usitegemee hadithi ya kijijini kwamba shamba ni la Mhindi fulani aliyehamia Uingereza, au la waziri wa zamani. Huenda ni kweli, huenda shamba lilishauzwa mara tatu, huenda ni ardhi ya umma ambayo ukodishaji wake umekwisha. Jibu la sachi ndilo litakalokuambia mlango wa kubisha. Kama ni ardhi ya umma au ya jamii ambayo haijapimwa, kaunti ina la kufanya moja kwa moja, ikishirikiana na Wizara ya Ardhi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kama ni ya mtu binafsi mwenye hati, kaunti haiwezi kumega ardhi ya mtu kwa sababu tu mnamhurumia jirani yenu. Hapo njia ni serikali kuinunua, au mahakama. Aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai ihesabiwe yake. Hilo ni la wakili, si la mheshimiwa, na halifanyi kazi dhidi ya ardhi ya umma.

Kwenye ardhi ya umma kuna hukumu moja ambayo kila kikundi kinapaswa kuijua. Tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu iliamua kuhusu wakaazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambao nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Mahakama ilikubali kwamba watu wasio na pa kwenda, waliokaa kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu, wanaweza kupata haki ya makao inayolindwa na Katiba, hata bila hati. Usiende nayo kwa mwakilishi kama fimbo. Itaje tu, kwa upole, ajue kwamba mnajua.

Kisha jihesabuni. Hili ndilo jambo ninalotaka nikae nalo zaidi, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapochoka.

Serikali huwahesabu watu, ndiyo. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 866,820 katika kaunti ya Kwale. Lakini sensa haimuulizi mtu kama ardhi anayolala ni yake, na mwakilishi wa wadi hawezi kuitetea kamatini idadi ambayo haipo. Ukimwambia "watu wengi wanateseka", ataitikia kwa kichwa na kusahau kabla hajafika kwenye gari. Ukimwambia kaya ngapi, zimekaa miaka mingapi, zina watoto wangapi walio shuleni, zina makaburi mangapi, atakuomba nakala.

Mwaka 1985 huko Bombay, shirika la SPARC na wanawake walioishi kwenye vibanda vya kando ya barabara walijihesabu wenyewe, kwa sababu kwenye vitabu vya mji hawakuwapo. Ripoti yao waliipa jina linalomaanisha "Sisi Tusioonekana". Njia hiyo ya watu kujihesabu imefika hapa kwetu. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza miaka ya tisini kupigana na ubomoaji Nairobi, umeifanya kuwa silaha yake kubwa: nyumba kwa nyumba, mwenyeji akimuuliza mwenyeji, ramani ikichorwa na vijana wa hapo hapo. Takwimu za namna hiyo zilichangia kuifanya serikali ya kaunti ya Nairobi, mwaka 2017, kuitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Pale Mukuru sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi wenye karatasi, na bado watu walisikilizwa, kwa sababu walikuja na hesabu.

Kwenu haitahitaji mambo makubwa. Daftari la kurasa mia mbili, kalamu, simu yenye kamera, na vijana sita wanaoaminika na pande zote za kijiji. Nasema pande zote kwa makusudi. Kama wahesabuji wote wanatoka ukoo mmoja, au chama kimoja cha siasa, hesabu imekufa kabla haijazaliwa. Kila kaya iandikwe jina la mume na la mke, mwaka walioingia au waliozaliwa hapo, idadi ya watu, ukubwa wa sehemu wanayotumia kwa hatua, na alama za kale: mnazi, mwembe, kisima, kaburi, msikiti. Mkimaliza, someni majina yote hadharani kwenye baraza. Hapo patakuwa na kelele. Atasimama mtu aseme fulani alihamia juzi tu alipopata habari za hati, na fulani ni mpangaji, na fulani anaishi Mombasa ila ameacha kibanda. Kelele hizo ni afadhali zipigwe kwenu kuliko zipigwe mbele ya kamati. Walaghai wa ardhi hupenda orodha ambayo haikusomwa kwa sauti.

Toa nakala tatu. Moja ikae msikitini au kanisani, moja kwa mwalimu, moja ndiyo itembee.

Halafu bei. Nenda kwa mpima mwenye leseni umwombe makadirio ya maandishi ya kupima kijiji chenu, na nenda pia ofisi ya ardhi ya kaunti uulize walikadiria kiasi gani kwa kijiji cha mwisho walichopima. Wakisitasita, andika barua ya kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Watu wetu wengi hawaamini sehemu hiyo ya Kiswahili mpaka waisome. Wamezoea kumlipa mtu wa saibakafe mia tano awaandikie Kiingereza ambacho hata yeye hakielewi.

Sasa ni nani wa kupelekewa? Hapa nguvu nyingi hupotea, kwa sababu sisi tuna desturi ya kumfuata yule anayetoa pole kubwa zaidi matangani. Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Sera ya makao ni ya serikali ya taifa, lakini makao yenyewe, pamoja na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, yameorodheshwa katika kazi za kaunti. Kwa hiyo ombi la savea ni la bunge la kaunti pale Kwale, na mtu wako wa kwanza ni mwakilishi wa wadi. Wadi ziko 20, na kwenye kamati ya bajeti kila mwakilishi anavutia kwake. Mwakilishi asiye na karatasi ya kuvutia hurudi mikono mitupu, hata awe msemaji hodari namna gani.

Mbunge ana kazi nyingine. Usimwombe nyumba kutoka NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Mfuko ule ni wa kazi za serikali ya taifa, yaani madarasa, basari, vituo vya polisi, na mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua sheria yake ni kinyume cha Katiba. Mwombe mambo mawili. La kwanza ni Hazina ya Makazi, ile iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo serikali huitumia kununua mashamba na kuwapa wasio na ardhi. Mfano uko hapo Likoni tu. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilikuwa na mzozo tangu miaka ya tisini mpaka serikali ilipolinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatoa hati kwa waliokuwa wakiishi humo. Baadaye wakaazi wakaambiwa hati zile zina deni la kulipwa pole pole, na wengi wakakasirika, wakidhani wamepewa. Ukienda kwa mbunge kuomba njia hiyo, uliza na deni siku hiyo hiyo. Nani atalipa, kiasi gani, kwa miaka mingapi?

La pili ni ushuru wa nyumba. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mhudumu wa hoteli Diani aliyeajiriwa rasmi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi kicho hicho. Mamake huyo huyo huenda anaishi kwenye banda katika shamba la mtu. Sheria hiyo haikutaja maghorofa peke yake. Imetaja pia kuboresha makazi duni na nyumba za mashambani. Ni haki kabisa kumuuliza mbunge ni kiasi gani cha fungu hilo kimefika Msambweni, na kama hakijafika, ameuliza lini bungeni na alijibiwa nini. Mwambie akuonyeshe kwenye kumbukumbu za Bunge.

Kuna mrabaha wa madini pia. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii ya pale yanapochimbwa asilimia 10. Kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi, na kabla ya kuanza familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa. Sisemi fedha hizo zote zimwagwe kwenye upimaji. Nasema anayeishi karibu na mashimo yale asiingie kwenye mkutano wa bajeti bila kuuliza zilipo.

Kalenda nitaieleza kwa pepo zetu, maana tarehe peke yake hazikai kichwani. Kusi likiwa bado linavuma, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka ujao. Kijiji chenu kisipotajwa humo, mtahangaika mwaka mzima. Kaskazi likiwa limetulia na jua linachoma, kufikia tarehe 28 Februari, hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka dari ya kila idara. Bunge la kaunti lina wiki mbili tu za kuujadili. Watu hawaendi kwenye mikutano ya waraka huo kwa sababu jina lake linachosha, nao ndio wenye uzito kuliko mingine yote. Dari ya idara ya ardhi ikiwekwa chini mwezi wa Machi, ombi lenu la Mei litawezekana tu kwa kumnyang'anya mwingine. Tarehe 30 Aprili, masika yakinyesha, hupelekwa makadirio yenyewe, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Ukifika masika yakielekea kwisha, kama tulivyofika sisi, utakuta shamba limeshapandwa na wenzako.

Kwa mwakilishi nendeni watu watano, msizidi. Mkienda arobaini atawahutubia. Miongoni mwa hao watano awepo mama mtu mzima aliyemjua tangu akiwa mtoto, yule anayeweza kumwita "mwanangu" mbele ya wasaidizi wake bila mtu kukunja uso. Huyo ndiye aanze. Asitoe hotuba. Aseme jina lake, alipozaliwa, na jambo moja lililomtokea. Kisha kijana afungue daftari na kusema ombi kwa sentensi moja: "Mheshimiwa, tunaomba kijiji chetu kiingizwe kwenye upimaji wa mwaka ujao wa fedha, kaya zetu ni hizi, na gharama ni hii." Halafu nyamazeni. Ukimya ni mgumu kwetu sisi watu wa Pwani, najua, lakini uacheni ufanye kazi.

Atawauliza maswali. Ardhi ni ya nani? Mnayo sachi. Mbona kijiji chenu na si cha jirani? Hapa msimtukane jirani. Semeni jirani naye ajihesabu, mtamsaidia. Atasema fedha hazipo. Muulizeni idara ya ardhi ilitengewa kiasi gani mwaka uliopita na ikatumia kiasi gani. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hueleza mambo hayo kila robo mwaka kwa kila kaunti, na si ajabu kukuta idara ilirudisha fedha za maendeleo bila kuzitumia. Mkiwa na ukurasa huo mkononi, mazungumzo hubadilika. Kabla ya kuondoka, mwombeni aseme atafanya nini na lini, muyaandike mbele yake. Jioni hiyo hiyo mtumieni ujumbe wa shukrani wenye maneno yale yale aliyoyasema.

Msichukue nauli. Atawapa, kwa ukarimu wa kweli au kwa ujanja, na mtakuwa na njaa. Ile elfu moja mkiigawana, mmeuza swali lenu la mwaka mzima.

Akiwapuuza, kuna ombi rasmi. Katiba kwa vifungu vya 37 na 119, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, zinampa mwananchi haki ya kupeleka ombi bungeni, la kaunti au la taifa, bila kupitia kwa mwakilishi yeyote. Liandikwe kwa adabu, liseme mlichojaribu kabla, liseme kama jambo liko mahakamani au la, na litaje kitu mnachotaka bunge lifanye. Kurasa mbili zinatosha, daftari liwe kiambatisho. Mpelekeeni karani wa bunge na mwondoke na nakala yenye muhuri. Safari hii muhuri una kazi, kwa sababu tangu siku hiyo kamati inawajibika kujibu.

Na wale vijana wa steji? Sikuwasahau. Savea hawasaidii chochote. Kati yao kuna waliofukuzwa majumbani, kuna walionaswa na unga, kuna waliokuja Diani kutafuta kazi ya msimu hoteli zikajaa bila wao. Hesabu ya kitaifa ya watu wa mitaani ya mwaka 2018 ilipata 46,639 nchini kote, na serikali ina mfuko wa kurekebisha familia za mitaani tangu 2003. Ombi lao liandikwe peke yake, karatasi nyingine, siku nyingine: mahali pa kulala, tiba ya uraibu, kodi ya miezi ya mwanzo kwa anayepata kazi. Wafini tangu 2008 wameanza na ufunguo wa nyumba kwanza, matibabu na mengine baadaye, na idadi ya wasio na makao kwao ikashuka kwa miaka mingi. Ukilichanganya ombi hili na la ardhi, kamati itachagua lililo rahisi na kusema imewasikia. Na tafadhali, kwenye karatasi hiyo msiandike "chokoraa". Waandikeni majina yao.

Notisi ya kufukuzwa ikiwakuta mkiwa katikati ya haya yote, acheni bajeti kwanza. Sheria inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu, na aliyepewa anaweza kwenda mahakamani kuizuia. Mwakilishi mwambieni, lakini mkiwa njiani kwenda kwa wakili.

Ikifika Agosti 2027 mtasikia mengi. Agosti 2013 serikali ilizindua ugawaji wa hati 60,000 Pwani, na waliozipata walishukuru, lakini hati hutolewa kwa shangwe mara moja, nao upimaji unaoitangulia hufanywa bila ngoma, kidogo kidogo, na watu wanaolipwa mshahara. Mgombea akiwaahidi hati, mwonyesheni daftari na mumuulize atatenga kiasi gani cha kupima mwaka wake wa kwanza. Kisha waulizeni wapinzani wake wote swali hilo hilo, kwenye baraza moja.

Na siku savea atakapokuja kweli, na gari na vyuma vyake, msimwachie mzee wa mtaa peke yake. Kila kaya iwe na mtu amesimama kwenye sehemu yake. Pigeni picha kila bikoni inapozikwa, mti wa karibu uonekane. Kabla hajafunga fomu, mwombeni asome majina, na panapoandikwa jina la mume pekee, mke aseme hapo hapo: "Na langu." Tumeona wajane waliotimuliwa na mashemeji kwenye ardhi ambayo wao wenyewe walitembea mpaka Kwale kuipigania, kwa sababu siku ya fomu walikuwa jikoni wakimpikia savea wali wa nazi.